Barabara ya Kanama: Anayeshindana na Anayebeba Viazi

Tarehe 28 Septemba mwaka 2025, katika mji wa Kigali, waendesha baiskeli 165 walianza safari ya kilomita 267 na nusu kuwania ubingwa wa dunia wa wanaume. Jioni ya siku hiyo ni 30 tu waliofika mwisho. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, akifuatwa na Remco Evenepoel wa Ubelgiji na Ben Healy wa Ireland. Wengine wote, wakiwamo watu wenye majina makubwa katika mchezo huo, walishindwa na vilima vya Rwanda. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa mashindano hayo, yenye historia inayoanzia mwaka 1921, kufanyika katika bara la Afrika.

Habari hiyo iliwafurahisha wengi, na kwa haki. Lakini iko sehemu nyingine ya Rwanda ambako vilima si habari ya siku moja, na ambako mtu kushindwa na mlima si kupoteza medali bali ni kupoteza chakula cha siku, na pengine uhai. Sehemu hiyo ni Kanama, tarafa ya wilaya ya Rubavu, katika nchi ya zamani ya Gisenyi, kaskazini-magharibi ya Rwanda. Barabara ya lami itokayo Musanze hupita huko ikiteremka kuelekea Ziwa Kivu, na mto Sebeya hukata bonde lake humo humo. Askari wengi, wa jeshi na wa polisi, wameipita barabara hiyo wakiwa ndani ya magari. Inafaa kuitazama kwa macho ya mtu aliye juu ya baiskeli.

Kwanza ni sura ya nchi yenyewe. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari. Vilima vilivyo nyuma ya Kanama, kuelekea Mukamira, hupanda zaidi ya mita 2,000. Kaskazini ni milima ya volkano ya Virunga, ambayo udongo wake mweusi huzaa viazi mviringo kwa wingi. Kusini ni nyanda za juu za Gishwati, zilizokuwa zamani msitu mkubwa na sasa zina malisho ya ng'ombe na mashamba. Viazi, maziwa na kabichi viko juu. Soko, mji na mpaka wa Goma viko chini. Kwa hiyo mzigo hushuka, na mtu hupanda tena akiwa mtupu. Ndiyo biashara ya bonde hilo.

Mashindano ya Tour du Rwanda yalianza mwaka 1988. Yalikatizwa na miaka ya vita na mauaji ya kimbari, yakarejea mwaka 2001, na tangu mwaka 2009 yamo katika kalenda ya Chama cha Kimataifa cha Baiskeli. Mji wa Rubavu umekuwa mara nyingi kituo cha mashindano hayo, na watu wa Kanama husimama kando ya barabara kwa maelfu kuwashangilia wapitao. Vijana wa Rwanda wenyewe wameonyesha uwezo. Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alishiriki Olimpiki ya London mwaka 2012. Valens Ndayisenga alishinda Tour du Rwanda mwaka 2014 na tena mwaka 2016. Abraham Ruhumuriza, bingwa wa miaka iliyotangulia, alitoka katika kazi ya kubeba abiria kwa baiskeli. Mabingwa wa aina hiyo hawakushuka kutoka mbinguni. Walitokana na watu wale wale wanaosukuma mizigo barabarani.

Ni vema basi kueleza tofauti iliyopo kati ya wapanda baiskeli hao wawili, kwani wote hutumia lami moja.

Mshindani ana mwili wa kilo 65 au 70, na baiskeli isiyozidi sana kilo 7. Anapopanda mlima ambao kila mita 100 za barabara huinuka mita 8, akiwa na nguvu za kutosha, huweza kwenda kwa mwendo wa kilomita 17 au 18 kwa saa. Katika tambarare, anayejificha nyuma ya wenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa maana aliye mbele ndiye apasuaye upepo. Ndiyo maana washindani hukaa kundi moja na kupokezana zamu ya mbele, kama kikosi kinavyopokezana kubeba silaha nzito. Mlimani hila hiyo husaidia kidogo tu. Mwendo ni mdogo, upepo ni hafifu, na adui mkuu ni uzito. Hapo kundi huvunjika, kila mmoja hubaki na miguu yake na mapafu yake, na hewa ya mwinuko wa mita 2,000 ni haba kuliko ile ya pwani.

Mbeba mzigo wa Kanama naye ana baiskeli ya chuma ya kilo 20 na gunia la kilo 100 nyuma yake. Pamoja na mwili wake, ni kilo 190. Akijaribu kuukanyaga mlima ule ule kwa nguvu ya mtu mwenye afya anayefanya kazi ya kutwa, mwendo wake hautazidi kilomita 3 au 4 kwa saa, yaani pungufu ya mwendo wa mtu atembeaye. Baiskeli iendayo polepole hivyo haisimami wima. Kwa hiyo hushuka na kuisukuma. Hilo si jambo la uvivu wala la ujinga, ni hesabu. Na kwa sababu ya hesabu hiyo hiyo, lori linapompita likinguruma polepole mlimani, kishawishi cha kunyoosha mkono na kulishika huwa kikubwa mno.

Wanajeshi wanayo sababu ya kuiheshimu kazi hiyo ya kusukuma. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, Jenerali Vo Nguyen Giap wa Vietnam alihitaji kupeleka mchele na risasi kwenye milima ambako magari hayakuweza kufika kwa wingi. Maelfu ya wananchi walizichukua baiskeli za kawaida, wakazifunga miti ya mianzi kwenye usukani na kwenye kiti ili kuziongoza, na wakazisukuma zikiwa na mizigo ya kilo 200 na zaidi kila moja. Tarehe 7 Mei mwaka huo ngome ya Wafaransa ilianguka. Miaka 12 kabla yake, askari wa Japani waliteremka rasi ya Malaya kwa baiskeli, wakafika Singapore katika muda wa siku 70. Katika nchi ya milima na madaraja yaliyovunjika, baiskeli imewahi kuwa silaha ya ugavi. Huko Goma na katika vilima vya Rubavu, wananchi wamevumbua pia chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira, kisicho na kanyagio, ambacho hubeba magunia kwa nguvu ya mteremko na ya kusukumwa. Mwaka 2006, Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli kutoka Marekani, aliandaa nchini Rwanda mashindano yaliyohusisha vyombo hivyo vya mbao, na akabuni baiskeli ndefu ya kuwabebea wakulima kahawa.

Hata hivyo kupanda ndiyo nusu ndogo ya taabu. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na hatari ya Kanama imo katika kushuka.

Mtu mwenye mzigo wa kilo 190 kwa jumla anaposhuka mita 100 kwenda chini, uzito huo hutoa nguvu ambayo hapana budi iende mahali fulani. Ama itageuka kuwa mwendo, ama itageuka kuwa joto katika breki. Ikiwa yote itageuka joto, itatosha kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji baridi. Na hizo ni mita 100 tu za mteremko. Kutoka vilimani hadi ziwani ni mita mia kadhaa. Joto hilo lote hupokelewa na vipande vinne vidogo vya raba na rimu mbili nyembamba. Raba hulainika na kushika hafifu, na rimu ikichemka mno, mpira wa ndani huweza kupasuka. Waya wa breki uliokwisha kulika hukatika wakati ule hasa anapouvuta kwa nguvu zote. Ndipo mtu hujaribu kusimamisha kilo 190 kwa soli ya kiatu.

Mwendo nao una sheria yake. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimamia huzidi mara nne. Anayekwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde moja, na sekunde hiyo moja hupotea kabla hata vidole havijaifikia breki. Mvua ikinyesha, rimu hulowa na nguvu ya breki za raba hupungua sana. Mshindani wa kimataifa hushuka kwa mwendo wa kilomita 80 na kuendelea, lakini amefunzwa, amevaa kofia ngumu, breki zake zimekaguliwa asubuhi hiyo, na zaidi ya yote, barabara imefungwa kwa ajili yake. Askari wa usalama barabarani amesimama katika kila njia panda. Hapana lori litakalomkabili kwenye kona.

Mbeba viazi hana hata moja katika hayo. Kwenye kona hukutana na basi. Nyuma yake huja lori la mchanga. Mbele yake huvuka mtoto wa shule.

Jambo la kushika lori linastahili maelezo ya pekee, kwa sababu vijana wengi wanaolifanya hawajui ni kitu gani kinachowaua. Magurudumu ya nyuma ya lori refu hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Katika kona, hukata kwa ndani. Kijana aliyeshikilia ubavu wa lori huona nafasi ya mita moja kati yake na ukingo. Kona ikianza, nafasi hiyo huliwa na magurudumu ya nyuma, naye amebanwa kati ya chuma na mfereji. Dereva hamwoni katika kioo, kwani yupo pale ambapo kioo hakifiki. Aliyeshika kwa nyuma naye haoni mbele: shimo, jiwe, au breki ya ghafla humkuta hana la kufanya. Polisi ya Taifa ya Rwanda imekataza tendo hilo na imeendesha tangu mwaka 2019 kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika salama, ikiwafundisha waendesha vyombo vyote pamoja na waendao kwa miguu. Lakini katazo bila maelezo hudumu kwa muda ambao askari yupo machoni. Maelezo hudumu hata askari akiisha kuondoka.

Mto Sebeya nao una sehemu yake katika suala hili. Mto huo huanzia nyanda za juu na huteremka kwa kasi hadi ziwani. Mitambo ya umeme ya Gihira na Keya huendeshwa kwa maji yake. Kwa miaka mingi, msitu wa Gishwati uliokuwa ukiyazuia maji ya mvua ulikatwa kwa ajili ya malisho, na baada ya mwaka 1994 kwa ajili ya makazi ya watu waliorejea nchini. Mlima usio na miti hauhifadhi maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka 2023, mvua kubwa iliangusha udongo wa vilima na kuujaza mto. Katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walipoteza maisha, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia vibaya. Nyumba zilibebwa na maji, na barabara nyingi zilizibwa na maporomoko.

Somo la usiku ule kwa mtu wa barabara ya bonde ni hili: lami ya mlimani haiharibiki yote kwa pamoja. Huanza kuliwa pembeni. Maji huchimba chini ya ukingo, juu ikabaki ngozi nyembamba inayoonekana nzima. Ukingo huo ndio njia ya mwendesha baiskeli. Gari hupita katikati bila kujua. Baiskeli yenye gunia huporomoka. Vile vile, tope jembamba linaloletwa na mvua hukauka juu ya lami likawa vumbi, na likipata manyunyu mapya huteleza kama sabuni. Kwa hiyo doria inayopita baada ya mvua kubwa, ikaona ukingo umeliwa na kuuwekea alama ya mawe na matawi, kisha ikatoa taarifa, huokoa uhai wa watu ambao haitawaona kamwe.

Hapa ndipo wajibu wa askari unapojitokeza. Ni rahisi kumwona mbeba mzigo kuwa ni kero: huchelewesha msafara, hutanda barabarani, hana taa, na pengine hukimbia akiona sare. Ni rahisi pia kuinyang'anya baiskeli yake na kuamini kwamba tatizo limekwisha. Lakini baiskeli hiyo ndiyo shamba lake. Akinyang'anywa leo bila kufundishwa, kesho atakodi nyingine iliyo mbovu zaidi na kupita usiku kumkwepa askari, na usiku ni hatari kuliko mchana. Sheria hapana budi ifuatwe, na anayeshika lori hana budi kuzuiwa papo hapo. Pamoja na hayo, nguvu ya sheria huzidi pale raia anapoelewa kwamba inalinda mwili wake.

Yako mambo machache ambayo askari wa barabarani huweza kuyafanya bila bajeti mpya. Kituo cha ukaguzi kikiwekwa juu ya mteremko, badala ya chini yake, breki mbovu hugunduliwa kabla ya kuua. Ukaguzi wenyewe ni wa dakika moja: vuta breki ya mbele na sukuma baiskeli, vuta ya nyuma na sukuma tena, tazama waya karibu na mkono wa breki kama nyuzi zimeanza kukatika, tazama unene wa raba. Mwenye gunia aelezwe kwamba mwendo hudhibitiwa tangu kileleni, kwani aliyeuachia kwanza hawezi kuurudisha baadaye. Mteremko ukiwa mkali, ashuke na kutembea, kama alivyotembea wakati wa kupanda. Hakuna aibu katika jambo hilo. Mzigo ufungwe chini na uwe sawa pande zote mbili. Kitambaa cheupe au kiakisi mwanga kwenye gunia huonekana na dereva mapema kuliko mtu mwenyewe.

Kwa madereva wa jeshi na polisi, wajibu ni mzito zaidi, maana raia huiga wanachokiona. Lori la kijeshi linapoipita baiskeli, liache nafasi ya mita moja na nusu, na lisijaribu kuipita kwenye kona. Msafara wa magari ukiwa mrefu, kila gari liache pengo la kutosha mbele yake. Mwendesha baiskeli hulitarajia gari la kwanza. Huweza kuuawa na la pili au la tatu, anaporejea katikati akidhani njia ni tupu. Na dereva anayepanda mlima aangalie vioo vyake na, akimwona kijana amemshikilia, asikate kona wala asipige breki kwa hasira ili kumwadhibu. Apunguze mwendo polepole, asimame mahali palipo wazi, na kumshusha.

Katika siku ya mashindano, maaskari wa Rubavu huifanya kazi hii kwa ustadi ambao wageni wameushuhudia. Magari husimamishwa, watoto huwekwa nyuma ya kamba, kona za hatari hupata mlinzi mwenye bendera, na mshindani kutoka Eritrea, Ufaransa au Uingereza huteremka Kanama hadi ziwani akiwa na hakika kwamba njia ni yake. Hapana awezaye kudai kwamba barabara ifungwe kila siku kwa ajili ya magunia ya viazi. Lakini jicho lile lile linalojua kona ipi ni ya hatari siku ya mashindano linaijua pia siku ya soko. Elimu hiyo ya mahali haipaswi kuhifadhiwa kwa ajili ya wageni wa wiki moja katika mwaka.

Alfajiri ya kila siku ya soko, kabla ukungu haujaondoka juu ya Sebeya, watu wa Kanama hufunga magunia yao na kuanza safari. Hawana namba migongoni, na hakuna atangazaye majina yao. Askari aliyeko zamu kileleni akiwasimamisha kwa salamu, akazikagua breki zao na kuwaruhusu waendelee, atakuwa ameilinda nchi siku hiyo kama yule anayelinda mpaka wake.